Hukuchelewa Wewe, Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kwa sababu ulitulea hivyo, lakini leo sina utulivu wa kukuuliza habari za huko uliko. Nina hasira. Ulikuwa ukituambia kwamba mwenye hasira anywe maji kwanza, ndipo aseme. Nimekunywa jagi zima na hasira iko palepale, kwa hiyo nisikilize nayo hivyohivyo.

Uliondoka nikiwa bado nasubiri nafasi ya chuo. Siku hizi ni muuguzi hapa Mbulu, na kwa muda sasa mimi na wenzangu tumekuwa tukifanya utafiti kuhusu saratani ya koo, ugonjwa ule uliokumaliza wewe. Tumezunguka vijiji vya Daudi, tumeshuka Hanang, tumepita kwetu Gitting na kwa wafugaji kule uwandani, tukikaa na familia na kuwauliza: mgonjwa wenu alianza lini kushindwa kumeza, na mlimpeleka wapi kwanza? Sasa kuna mkutano mkubwa wa nchi za ukanda huu kuhusu huduma za saratani. Anayetaka kusikilizwa huko hutuma kwanza ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti wake, wa ukurasa mmoja tu. Wakiipenda wanakuita ukaseme. Wasipoipenda, uliyoyaona unabaki nayo nyumbani.

Ikisiri yetu niliiandika mimi. Nikampelekea profesa anayetuongoza, mtu wa mjini, aipitie. Jana imerudi. Hitimisho langu amelifuta lote akaandika lake: wagonjwa wa Mbulu na Hanang huchelewa kufika hospitali kwa sababu ya uelewa mdogo na imani za jadi.

Wewe ulichelewa lini?

Nakumbuka ulivyoanza. Tulikuwa tunavuna viazi, na wanaume waliokuja kutusaidia walikuwa wakila nawe sinia moja. Ulikuwa unamega tonge, unachovya kwenye mnavu, unatafuna, unatafuna, halafu tonge la pili linashuka taratibu chini ya goti lako, na yule mbwa wetu mweusi analijua goti hilo kuliko jina lake. Hukutaka wageni waone kwamba mwenye nyumba hali chakula. Ni Mama aliyekukamata. Alisema mbele yetu sote, "Baba Safari, mbona mbwa ananenepa na wewe unakonda?" Ukacheka, watu wakacheka. Kesho yake ulivaa koti lako la kanisani ukaenda zahanati. Hukuanzia kwa mganga, hukuanzia kwenye mizizi. Ulianzia zahanati, asubuhi na mapema, na mimi nikikufuata nyuma.

Tulimkuta kijana mmoja mezani, mstaarabu tu. Akasimama nusu akakuamkia. "Shikamoo mzee. Habari za leo?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri tu. Habari za kazi? Huko kwenu mvua imenyesha?"

Hivyo ndivyo mzee wa kwetu anavyoanza, na kila mtu wa kwetu anajua. Kwanza ni nzuri. Halafu mvua, halafu mifugo, halafu watoto. Shida inakuja mwisho, ikiwa imefungwa kwenye neno "ila". Wewe hukufika hata kwenye mifugo. Kijana alikuwa ameshainamisha kichwa anaandika, akauliza kama kuna kiungulia, ukasema kipo kidogo, akakupa vidonge vya vidonda vya tumbo. Nikasema, "Daktari, baba hamezi ugali." Akanitazama kama mtoto asiye na adabu. "Mzee mwenyewe amesema anaendelea vizuri, binti."

Njiani nilikugombeza, wewe baba yangu, na wewe hukukasirika. Ulisema, "Mtu hamwitikii mwenzake ubaya hata hajakaa vizuri. Angesubiri, ningemwambia."

Angesubiri. Hakusubiri siku ile, na hatukusubiriwa tuliporudi, na tulirudi sana. Kila mara ulisalimiwa, kila mara ulisema nzuri, kila mara tulitoka na vidonge vilevile. Ulikonda mpaka koti la kanisani likawa linatembea peke yake. Maziwa yalipoanza kukurudia puani ndipo tukapewa rufaa ya hospitali kubwa, wakakuingiza mpira wenye kamera kooni. Daktari wa huko alivua miwani akauliza, "Mzee, mbona mmechelewa hivi?"

Ukainamisha kichwa ukasema, "Mtusamehe."

Baba, mimi sijasamehe. Sikuwahi kukuambia hivyo ulipokuwa hai kwa sababu ulikuwa unaumwa, lakini neno lako lile liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Uliomba msamaha kwa watu uliokuwa unawadai wewe samahani.

Na huu si uchungu wangu peke yangu, ndiyo maana nimeuita utafiti. Tumeingia nyumba baada ya nyumba na kukuta mlango uleule. Mama mmoja wa kifugaji, mjane, alituambia, "Tulikwenda zahanati mpaka mbwa wa pale akaacha kutubwekea." Wapo waliokwenda kwa waganga, sikatai, na niliandika. Hata wewe ulikunywa ile dawa chungu aliyoleta jirani yetu Mzee Awe. Lakini uliinywa baada ya vidonge kushindwa. Mtu akifungiwa mlango wa mbele akazunguka wa nyuma, utamlaumu kwa kupenda milango ya nyuma?

Mlima Hanang ulipoporomosha tope likaingia Jorodom, pale Katesh, watu walikuja kutoka kila pembe na mablanketi na majembe. Hakuna aliyewauliza wale wa Katesh kwa nini walichelewa kukimbia. Basi kwa nini ninyi mliokufa kwa njaa mbele ya chakula mnaulizwa?

Nilimpigia profesa. Si mtu mbaya, sitaki umfikirie hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Paskalina, unaandika kwa hasira. Mkutano kama huu hautapokea ikisiri inayowashutumu wahudumu wetu wenyewe. Mambo ya utamaduni wanayaelewa haraka."

"Utamaduni upo, Profesa, ila si huo," nikamwambia. "Wazee wetu hawaanzi na ugonjwa, wanaanza na salamu. Sisi tunaandika kabla salamu haijaisha."

Akasema salamu haipimiki. Kisha akasema kwa upole kabisa kwamba nitume kama alivyorekebisha, au nitume bila jina lake. Alijua anachosema. Bila jina lake, ni muuguzi wa Mbulu anayewaandikia maprofesa wa nchi kadhaa kwamba hawajui kusikiliza. Wanaweza wasifike hata mstari wa pili. Na nikikataliwa, kijana mwingine mahali fulani ataendelea kuandika "anaendelea vizuri" wakati mzee bado anaulizia mvua.

Kazini kwangu mimi nasubiri. Mzee akija namwamkia, naitikia habari za mvua, naitikia za ng'ombe, nawapitia wajukuu mmoja mmoja, mpaka lile "ila" litoke lenyewe. Wenzangu wananicheka kwamba foleni yangu haisogei. Ni kweli haisogei. Lakini wiki hii limetoka "ila" moja kutoka kwa bibi anayemeza bado, anayekunywa uji bila shida, na amekwenda kupigwa kamera mapema. Nilikwenda stoo nikalia kwa hasira, maana kumbe inawezekana.

Dirisha la kupokea ikisiri linafungwa leo jioni. Mchana huu nimerudisha hitimisho langu, neno kwa neno. Jina la profesa nimelitoa kama alivyotaka. Mahali pa kueleza sababu ya wagonjwa kuchelewa nimeandika kwamba walifika mapema na hawakusikilizwa, na kwamba dawa ya kwanza ni kungoja mzee amalize kusalimia.

Nilidhani nimemaliza, kumbe kuna swali moja la mwisho ambalo kila mwandishi lazima alijibu kabla ya kutuma: je, una maslahi yoyote binafsi katika utafiti huu? Karibu wote hujibu hapana. Nami nimewahi kujibu hapana, katika kazi nyingine, bila hata kusoma.

Nimejibu ndiyo. Chini yake waliacha nafasi ya maelezo, nikaandika: Nilikuwa na baba.

Kisha nikatuma.

Pumzika, mzee wangu. Mama hajambo, anakutaja kila akipika mnavu.

Ni mimi binti yako,
Paskalina