Sahihi ya Muhindo

Bwera, 9 Novemba 2025

Kwako Yaya Benedicte, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji na watoto. Habari za Butembo? Mgongo wako umepata nafuu? Sisi tunapumua, na kwa hilo namshukuru Mungu. Barua hii anakuletea Mama Emérance, yule anayevuka mpaka wa Mpondwe na vitenge, maana kwenye simu sauti ingenikatika.

Uliuliza kwa nini humsikii tena mdogo wetu Muhindo akitajwa redioni. Yaya, Muhindo hachezi. Tangu Juni hajagusa mpira.

Ilianza Mei. Klabu moja kubwa ya Kampala ilimpigia simu, ikamtaka. Alifurahi hadi akamnyanyua mwenye nyumba wetu, mzee Danieri, juu juu kama mtoto. Mkataba wake na klabu yetu ya Kasese, ambako mimi nadaka na yeye anafunga, ulikuwa wa mwaka mmoja tu, na ulikuwa unaisha Juni. Lakini alipokwenda kuaga, mwenyekiti alifungua droo akatoa karatasi nyingine: miaka mitatu zaidi, na chini yake sahihi ya Muhindo.

Alirudi chumbani kwetu. Alisema, “Mimi nilisaini mwaka moja tu. Hii ingine, mutu mwingine njo aliandika.” Akaapa kwamba hatavaa jezi ya watu wale mpaka ukweli utoke. Sisi tukienda mazoezini, yeye alikimbia peke yake barabara ya Mpondwe, ili Kampala wakimwita wamkute tayari. Klabu ikamwandikia kwamba ametoroka kazi, na kwamba bila barua yao ya kumwachia hatacheza popote. Mashabiki waliokuwa wakimwimba walimwita msaliti sokoni, nami nikiwa kando yake.

Agosti shauri lake lilisikilizwa Kampala. Kamati ya chama cha mpira ilitazama karatasi, ikamhoji shahidi, ikaamua kwamba mkataba ni halali. Baada ya wiki mbili dirisha la usajili likafungwa, na klabu ile ikachukua mshambuliaji mwingine.

Sasa anapakua saruji kwenye malori mpakani. Anarudi kope zimekuwa nyeupe, anakula matonge mawili, anageukia ukuta. Hakimbii tena. Jumapili iliyopita aligawa njumu zake. Nilipomuuliza sababu, alisema miguu imekufa. Ana miaka ishirini na mitatu, Yaya.

Tumaini lake ni moja tu, na ndilo alilonituma nikuandikie. Anaomba umtafutie daftari la shule au cheti chochote alichotia sahihi zamani, akipeleke kwa mtaalamu wa miandiko, akate rufaa.

Yaya, sahihi ile niliiandika mimi.

Mwenyekiti aliniita siku ya pili baada ya simu ya Kampala. Alisema magoti yangu yamekwisha, lakini kazi ya kufundisha makipa itakuwa yangu kama ndugu yangu atabaki. Mimi ndiye niliyemfundisha Muhindo kuandika jina lake. Mkono wangu haukuhitaji hata mfano wa kuiga. Wala si kazi tu. Niliogopa ataondoka, nami nibaki peke yangu katika chumba hiki.

Na shahidi wa Kampala nilikuwa mimi. Nilisema mwandiko ni wa Muhindo, huku mwenyewe akinitazama. Tulipotoka nje alinishika bega, akasema anajua wamenitisha, hanikasirikii.

Mara tatu nimejaribu kumwambia. Kila mara nimeishia kumuuliza kama amekula. Kila jioni ananiuliza kama umejibu. Ukilipata daftari, mpe Mama Emérance alitie mkononi mwa Muhindo mwenyewe. Usilipitishe kwangu. Likinifikia mimi, sijui nitalifanya nini.

Nisalimie watoto, ila usiwasomee haya. Shemeji mwambie utakavyoona. Na usipotaka tena kulisikia jina langu nyumbani kwako, sitauliza kwa nini.

Mdogo wako,
Nzanzu