Redio ya Mzee Gurdeep na Jua Langu

Jumamosi, 8 Juni 1991

Vita paani! Mzee Gurdeep, mwenye nyumba wetu hapa Ngara, huongea na bintiye Tara aliye Leicester kwa redio ya masafa mafupi kila Jumamosi asubuhi. Tara ni mja mzito, na simu ya nyumba imekufa tangu mvua. Leo redio nayo ikanyamaza. Mzee akapanda juu, akaikuta darubini yangu nimeizungushia foili. Basi, ati hiyo chuma yangu inakula redio yake. Nikasema ni jua. Akasema jua lipo tangu azaliwe, na halijawahi kumzimia redio. Redio ikizima tena Jumamosi ijayo, niishushe. Na bila michoro ya madoa ya jua, Dkt. Musembi, mwalimu wangu chuoni, hanipitishi.

Jumatano, 12 Juni

Mawingu, kisha jua kidogo. Nimechora. Kundi moja la madoa limenenepa vibaya. Mama Tara alikuwa akianika ndimu za achari kando yangu, akauliza jua linalipukaje. Nikamwambia: juu ya madoa kuna nyuzi za sumaku, zinasokotana kama nywele, zinakazwa mpaka zinakatika na kujiunga upya. Nguvu inaporomoka hadi tabaka la chini la anga ya jua, linachemka, linang'aa. Miale ikifika huku inavuruga anga yetu — redio kimya. Akasema kumbe ni kama haradali kwenye mafuta ya moto. Si hivyo hasa, lakini alikuwa ameniletea chai, nikakubali.

Ijumaa, 14 Juni

Mwezi mzima naomba mlipuko. Leo naomba jua lilale. Kesho tu, haki.

Jumamosi, 15 Juni

Saa tano na kitu. Kwenye karatasi ambapo darubini inaangusha picha ya jua, katikati ya madoa — nukta mbili za mwanga, nyeupe kuliko jua lenyewe! Wengi huchora jua maisha yao yote wasizione. Nilipiga ukelele. Papo hapo redio chini ikanyamaza.

Mzee akapanda, hedifoni shingoni. Mkwewe, huko redioni, alikuwa amefikia maneno "Tara amejifungua salama, ni..." Ikakatika hapo. Akainyooshea mkono darubini. Mama Tara akamshika: tazama kwanza.

Ameinama. Nukta zinafifia, lakini zipo. Ameuliza kama ndizo hizo zilizozima redio. Nimesema ndizo hizo.

Naandika nimesimama, maana stuli yangu ameikalia. Mvulana au msichana, hakuna ajuaye. Hajasema nishushe chochote. Amesema tu nisogee, namzibia jua.