Kigae Kilichopinduliwa

Kütahya, Jumapili baada ya alasiri

Dada yangu mpenzi Mürvet,

Assalamu alaykum. Naomba barua hii ikukute goti limepoa, unasujudu tena bila kushika kiti. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Baridi imeanza. Jamu ya tini ilifika salama, ni chupa moja tu iliyovuja.

Umeniuliza kuhusu msikiti wetu mpya wa mtaani, na hasa kile kigae ambacho mwanao alikuonyesha picha yake. Nitakueleza, maana nimechoka kukibeba peke yangu.

Kazi yetu ya kuchora vigae unaijua. Ua huchorwa kwenye karatasi, karatasi hutobolewa kwa sindano kufuata mistari, kisha tunailaza juu ya kigae na kuipigapiga kwa kifuko cha vumbi la mkaa. Kwa vigae vya upande wa pili wa mlango tunaipindua karatasi ileile, ili maua yatazamane. Maua hayana kulia wala kushoto. Maandishi yanayo.

Maandishi ni kazi ya Sıdıka, niliyekaa naye meza moja miaka ishirini na minane. Siku moja alikwenda hospitali kupimwa macho, na tanuri lilikuwa linasubiri, nikamfanyia kigae chake kimoja cha "Ya Wadud", Ewe Mwenye Upendo. Asubuhi nzima nilikuwa napindua karatasi za maua. Mkono ukapindua na hiyo. Nikajaza buluu, nikajaza nyekundu, nikaona nimefanya kazi safi.

Kilipotoka tanurini, Vehbi Usta, mkuu wa karakana, alikiinua mbele ya wote akauliza kama siku hizi tunamwandikia Mungu kinyumenyume. Akamwambia Sıdıka kwamba macho yamekwisha, mama, bora akafungashe vigae kwa magazeti. Gazeti halimdai mtu kulisoma. Watu wakacheka. Sıdıka akanitazama mara moja, akavua aproni yake. Mimi nikaendelea kuosha brashi.

Alifungasha wiki tatu. Nilisali kila sala kwa wakati wake, na nikimaliza, nikigeuza uso kulia kutoa salamu nakiona kile kigae, nikigeuza kushoto nakiona.

Kisha imamu akaja kukagua kazi. Akakikuta rafuni, akakisogeza karibu na mwenzake kilicho sawa. Maandishi yalikuwa yanatazamana, kama yale ya kale kwenye kuta za msikiti wenu mkuu huko Bursa. Akauliza wazo hilo ni la nani. Vehbi Usta, bila haya, akajibu kwamba ni la Sıdıka wetu, mikono yake ni dhahabu. Ijumaa ya ufunguzi imamu alimwombea dua kwa jina. Sasa Sıdıka amerudi mezani, na chai analetewa na Vehbi Usta mwenyewe.

Dada, kigae kile ni changu. Ningesema siku ya kwanza, ningekuwa nimekiri kosa. Nikisema leo, nitaonekana nadai sifa.

Alhamisi nilimwambia Sıdıka. Hakushtuka. Akasema alijua tangu siku ile, kwa kuwa buluu yake haijawahi kugusa mstari, na pale imegusa mahali pawili. Kwani nilidhani alikwenda kupimwa macho au kuyang'oa? Nikamwomba ruhusa nikamwambie imamu. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Wewe Hacer, nilipotukanwa ulinyamaza vizuri sana. Basi na leo nikisifiwa, nyamaza vivyo hivyo."

Kama amenisamehe, hajasema. Sukari ananiwekea kwenye chai kama zamani, vipande viwili.

Uliandika kwamba ukija Idi ungependa kumpongeza. Njoo, umletee naye jamu, chupa kubwa. Msifu nikiwa nimekaa papo hapo, tena usifupishe, na usinitazame.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na bibi wa ghorofa ya chini kama bado ananikumbuka. Uniombee.

Mdogo wako,
Hacer