Kilichokuwa Chini ya Shingo ya Gitaa

Shauri Moyo, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka yangu Jotham,

Kabla ya salamu, geuza bahasha uitazame nyuma. Nimeibandika kwa gundi ya ofisini, kisha nikaandika jina langu juu ya mahali inapofungukia. Kama herufi zimeachana, ujue kuna mkono ulioingia kabla ya wako. Hapo umuulize mama Ainea aliyekuletea, ingawa ni mtu wa kanisa na amenibebea mzigo huu bure. Sikutaka ipite kwenye mikono mingi.

Sasa salamu. Hujambo, kaka? Shemeji Rebeka hajambo na yule mtoto ambaye sijamwona hata kwa picha? Mguu wa Mama umepata nafuu, au bado anaupaka yale majani na kusema umepona ili asipelekwe zahanati? Mimi ni mzima. Kazi yangu ya ukarani kwenye bohari kule Industrial Area bado ipo, ila tumeletewa msimamizi mpya anayecheka sana asubuhi, na mimi mtu anayecheka asubuhi simwelewi.

Hujaniandikia tangu uondoke hapa Pasaka ya mwaka juzi, na sikulaumu. Nakuomba kitu kimoja tu: usirukie mwisho wa barua. Isome kama nilivyoiandika, maana nikikutajia la mwisho sasa hivi utadhani nimelewa.

Nilikuwa natafuta gitaa la besi. Ndiyo, mimi. Tumeunda kikundi cha watu wanne na tunafanya mazoezi kwenye ukumbi wa mtaa Jumamosi mchana. Kasyoka, dereva wa lori pale bohari, Mkamba mmoja mwenye kelele na roho safi, ndiye mpiga dramu. Mimi napiga besi, kwa vidole ulivyonifundisha wewe juu ya ubao wa kitanda. Wenzangu walitaka tuombe kazi kwenye baa na kupigia vyombo vya mwenye baa, kama wanavyofanya wanamuziki karibu wote wa hapa. Nilikataa kabisa. Niliwaambia sitapiga gitaa la tajiri maisha yangu yote, na wewe unajua sababu kuliko mtu yeyote. Ulipiga besi nyekundu ya tajiri wako miaka minne. Siku ile besi hiyo na amplifaya yake vilipokosekana stoo, wewe ndiye uliyekuwa na ufunguo. Akakupa barua ya kukufukuza mbele ya baa nzima, na mshahara wako wa miezi mitatu akasema umekwenda kulipia vyombo vyake.

Basi nikasema nitanunua langu, la mtumba, na nitalikagua mpaka lilie.

Vyombo vya kuuzwa havikosekani siku hizi. Mabaa yameingiza disko, bendi zinavunjika, na kila mtu ana gitaa "la mjomba wake aliyesafiri". Wa kwanza alikuwa bwana mmoja wa hapa hapa Shauri Moyo. Alilipiga mwenyewe, akalipiga vizuri mno, lakini hakutaka kunipa nilishike. Nikatazama vidole vyake. Vilikuwa havivuki katikati ya shingo hata kidogo. Nilipofanikiwa kulishika nikapiga huko juu alikokuwa anakwepa, kila uzi ulitoa sauti ya bati. Wa pili alikuwa na amplifaya, nayo aliiwasha dakika tano, akaizima na kuniletea chai. Tukanywa. Akaiwasha tena dakika tano, akaizima na kuniletea mandazi. Nikajisemea, huyu hanipendi kiasi hiki. Nikamwomba aiache iwake na mimi nitakunywa chai huku inanguruma. Kabla sijafika nusu ya kikombe ilianza kunuka kama waya unaoungua, ikakata. Alinitazama kana kwamba nimeiua mimi.

Kasyoka alichoka na mimi. Alisema, "Hezi, wewe hata mathe yako akikupea uji utauliza hiyo maji imetoka wapi. Maze, nunua kitu tupige!"

Ndiye aliyenipeleka Majengo kwa Fundi Salim. Huyu ni mzee wa kanzu na miwani, fundi wa redio, ana kibanda kilichojaa matumbo ya redio mpaka juu. Gitaa lilikuwa limetundikwa ukutani, jeusi, linang'aa. Chini yake amplifaya, na kitambaa cha spika kimeshonwa upya kwa mkono. Kitambaa kipya kwenye sanduku la zamani sikukipenda. Niligonga ubao, nikazungusha vitufe vyote kimoja kimoja nikisikiliza kama vinakwaruza, nikaweka sikio kwenye spika. Nikaipiga saa nzima bila kuomba chai. Ilivuma vizuri, kaka. Sauti nzito, ya tumboni, na nilihisi ninaifahamu. Hilo nalo likanitia wasiwasi. Kitu kizuri kiasi hicho kinatafuta nini ukutani Majengo?

Nikaangalia shingo kwa jicho moja, kama seremala. Imenyooka. Nyuzi zimelala chini vizuri, kidole hakiumii. Basi nikamwomba bisibisi.

"Ya nini?" Fundi Salim akauliza.

"Nataka kuing'oa shingo."

"Kijana, umekuja kununua au umekuja kupasua maiti?"

Lakini wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Ulisema rangi ni ya kudanganyia macho, na gitaa husema kweli pale shingo inapokutana na mwili, kwa sababu hakuna anayepaka rangi mahali pasipoonekana. Fundi akanipa bisibisi kwa hasira. Nililegeza nyuzi, nikafungua zile skrubu nne, shingo ikatoka.

Ndani lilikuwa jekundu.

Nilipiga kelele, sikatai. Nilisema gitaa hili ni la wizi, nalijua, limepakwa rangi, na mtu aniitie polisi. Watu wakatoka kwenye nyumba za jirani. Kasyoka akanivuta shati akinong'ona, "Wacha fujo, tutachapwa hapa!" Fundi Salim hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akasema, "Nimezaliwa kwenye nyumba hii. Baba yangu kazikwa hapa. Hajatokea mtu kuniita mwizi mlangoni pangu, nawe umekuja na viatu vya ofisi kuniita. Keti chini." Nikaketi.

Akaingia ndani, akarudi na bati la biskuti lililojaa karatasi. Akaniambia polisi hupita Majengo kila mara wakiuliza redio hii ya nani, santuri ile ya nani. Kwa hiyo yeye hapokei chombo chochote mpaka mwenye nacho aandike kwa mkono wake mwenyewe kwamba amekiuza, aweke sahihi na siku, na fundi cherehani wa jirani ashuhudie. Alitafuta, akanipa karatasi moja.

Kaka, ilikuwa ya tajiri wako. Gitaa moja la besi, jekundu, na amplifaya moja, vyote mali yangu, nimeviuza kwa hiari. Sahihi. Siku: Jumatano kabla ya Pasaka, mwaka juzi.

"Alivileta mwenyewe kwa gari lake," fundi akasema. "Akaniambia wekundu umechoka, nikipake rangi nyeusi kabla sijakiuza, tena nikiuze mbali. Kikanunuliwa na kikundi cha Thika. Wamekirudisha mwezi uliopita, sasa wanataka kinanda."

Unafikiri niliamini? Nilimwambia karatasi yoyote huandikika. Nikamwomba niende nayo nyumbani. Akasema niache saa yangu. Nikavua saa, nikatoka mbio mpaka Shauri Moyo, Kasyoka nyuma yangu akitukana. Kwenye sanduku la bati uliloliacha kulikuwa na ile barua yako ya kufukuzwa. Nikaziweka karatasi mbili kitandani. Mkono ni mmoja, ule ule mkia mrefu wa sahihi unaorudi nyuma na kujikata. Na kwenye barua yako ameandika kwamba vyombo vyake viliibwa stoo usiku wa Jumamosi ya Pasaka. Siku tatu baada ya kuviuza mwenyewe, wiki ile bendi ilipopumzika kwa ajili ya Pasaka! Kwa nini alifanya hivyo, mimi nakisia tu: alipata bei ya gitaa na akabaki na mishahara yako. Kasyoka alizisoma zote mbili, akaikunja ile ya fundi na kunitilia mfukoni.

Nilirudi Majengo nikamwomba Fundi Salim msamaha mbele ya majirani wale wale. Akanirudishia saa, akasema, "Haya, funga shingo yako, ulipe uende." Nikalishika gitaa niifunge shingo. Hapo ndipo nilipokiona kitu ambacho kelele zangu hazikuniacha nikione mwanzoni. Pale ndani, kwenye ule wekundu, palikuwa na kipande cha kadi ngumu kimelazwa ili shingo iinuke kidogo na nyuzi zishuke. Nikakibandua kwa ukucha.

Ilikuwa tikiti ya gari la moshi. Daraja la tatu, Butere kwenda Nairobi. Ile ambayo hukumpa mkusanya tikiti stesheni kwa sababu mjomba wa reli alikupitisha mlango wa wafanyakazi. Nyuma yake kuna penseli, mwandiko wa mtoto wa darasa la sita: "Viatu, namba 5."

Niliandika mimi, siku ile unaondoka, ili usisahau. Na hukusahau. Viatu vilikuja Krismasi ile, vyeusi, na nilivilalia kitandani mpaka Mama akavificha.

Nililia, kaka, katika kibanda cha mtu niliyemwita mwizi.

Sasa nikuambie jambo ambalo ndilo limenifanya niandike. Baba, kama kiongozi wa kanisa, alipokutoa kwenye kwaya na wazee wakakuzuia Meza ya Bwana, alisema amepata barua kutoka Nairobi, akawasomea bila kutaja jina la mwandishi. Najua uliamini kwamba ni tajiri aliyeandika. Ni mimi. Niliandika kwamba nadhani umeiba. Ile Jumamosi ya Pasaka nilikuona ukiingia na mfuko mzito, sikukuuliza una nini, nikajijibu mwenyewe. Wiki iliyofuata nilikuta mfuko ule ule chini ya kitanda, ndani unga wa mahindi, umenifungia wa mwezi mzima, na bado sikuandika barua nyingine ya kuifuta ile ya kwanza. Niliona haya. Nimekagua vigingi, vyuma, nyaya na spika za watu nisiowajua, na ndugu yangu sikumkagua hata kwa swali moja. Nimekukosea. Siombi unijibu upesi.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya mauzo ya tajiri na barua yake ya kukufukuza, zote mbili zenyewe, wala si nakala. Fundi Salim amenipa ile yake bila kinyongo, na yuko tayari kumwambia mtu yeyote aliyoyaona. Mpe Baba azisome mbele ya wazee, Jumapili, kwa sauti ile ile aliyosomea barua yangu. Pia aisome hii yangu. Nikipata likizo nitakuja nisimame mbele yao niyarudie haya kwa mdomo. Kuhusu kumkabili tajiri, bado yupo hapa na disko lake, lakini hilo ni lako kuamua, na ukiamua nitakuwa upande wako.

Nisalimie Mama, mwambie nimesema mguu aupeleke zahanati. Msalimie Baba kwa heshima zote. Msalimie senje Loice, dada yake Baba, ambaye peke yake alisema wewe huwezi kuiba, na nikamwona hajui mambo ya mjini. Shemeji Rebeka mwambie nitamtazama usoni nikishasamehewa, siyo kabla. Mjomba wa reli, kama amestaafu, mwambie ule mlango wake umetufaa mara mbili.

Gitaa nimelinunua pamoja na amplifaya. Liko hapa kitandani ninapoandika. Fundi Salim alinipa karatasi niandike jina la mwenye mali, nikaandika lako, na fundi cherehani ameshuhudia. Ni lako, Jotham, halina tajiri.

Ila kwa sasa halipigiki. Nyuzi zimesimama juu sana na vidole vinauma, kwa sababu tikiti nimeitoa na sijaweka kitu kingine mahali pake. Imo humu kwenye bahasha. Njoo nayo.

Mdogo wako,
Hezron