Jino la Trudy na Tiketi ya Familia

Lorna, sikia haya!

Ile tiketi ya familia aliyobuni Trudy wetu wa ofisi ya tiketi, watu wanne kwa bei ya wawili ili uwanja wa chuo ujae? Leo umejaa pomoni.

Robo ya kwanza ya mechi haijaisha, mzee mmoja akamkuta baba na watoto wake watatu kwenye viti alivyozoea kukalia miaka thelathini. "Toka hapo, bwege wewe!" Baba akamwonyesha tiketi. Mzee akamtandika ngumi ya pua! Damu mpaka kwenye bisi za watoto!

Trudy akajitosa katikati. Ngumi ya pili ikamng'oa jino. JINO, Lorna!

Akaling'ang'ania shati la yule mzee mpaka polisi wakamtia huyo mzee pingu.

Halafu Trudy akawageukia watoto, mdomo umejaa damu: "Kaeni, wanangu. Viti ni vyenu."