Matufaha ya Dada Zuhura

Marahaba, mjukuu wangu Rehema. Sie huku Wazo wazima, na mama yako amepona mafua. Umeuliza kama matufaha ya nyumbani yanayazidi ya huko uliko.

Nilipokuwa msichana, mchumba wa dada yangu Zuhura alimletea matufaha ya mbegu ya zamani ya kwao Lushoto, madogo, yenye madoa. Mie sikuwa na mchumba, na nilimwonea wivu. Zuhura akanikatia kipande. Kilianza kwa ukali, kisha utamu ukajaa kinywa kizima.

"Machachu tu haya," nikamwambia.

Akala yaliyobaki mwenyewe, mie nikiyamezea mate.

Jana, baada ya miaka yote hii, nimempigia simu nikamweleza ukweli.

"Mbona nilijua," akacheka. "Nilikuwa nangoja uombe cha pili."

Subira hiyo nayo namwonea wivu.

Bibi yako akukumbukaye,
Mwanahawa