Maiki Niliyoiacha Ikisikiliza

Mama,

Chumba chako cha mahindi sasa ndicho studio. Najua ungenicheka. Magunia nimeyahamishia jikoni, nikasimamisha godoro ukutani na kutundika blanketi mlangoni ili sauti isirukeruke. Kompyuta ni ile niliyokuwa nikichapia watu barua pale mjini Kakamega, karibu na ofisi za kaunti. Nimenunua maiki na hedifoni. Nataka kurekodi nyimbo zako, kwa sababu hukuandika hata moja, na tuliobaki tunaozijua zote ni wawili: mimi na Mzee Amunga, aliyekuwa akikuimbia besi kwenye kwaya miaka yote ile.

Ni huyo Amunga ninayekuandikia habari zake.

Alikuja mwenyewe, muda mfupi baada ya mazishi yako. Akaegemeza baiskeli ukutani na kusema, "Ayuma, nimesikia unataka kurekodi. Nitakusaidia." Nani alimwambia? Sikuwa nimemwambia mtu yeyote ila aliyeniuzia maiki. Nikamkaribisha, nikampa ingokho, kuku wa nyumbani, na ugali, lakini swali hilo lilibaki kichwani.

Kisha binamu Nekesa akanipigia simu kutoka kwake Musanda. Amunga alikuwa amefundisha kwaya ya huko wimbo wako wa mavuno. Mchungaji akamshukuru mbele ya watu kwa kuutunga. Amunga hakusema kitu. Alikaa tu akitabasamu.

Kutoka siku hiyo, Mama, sikumwamini hata chembe. Kila Jumamosi alipokuja kwa mazoezi nilimchunguza. Simu yake ilikaa kwenye mfuko wa shati, na mimi niliona kama inarekodi. Hakuwahi kuanza wimbo yeye. "Anza wewe, mwanangu, mimi nitafuata." Nikimaliza ubeti wa tatu anasema, "Hebu rudia hapo." Nikawaza, huyu ananikamua nyimbo za mama yangu moja moja. Flashi ya kuhifadhia nyimbo nilianza kuifunga kwenye pindo la leso.

Halafu rekodi yetu ya kwanza ikaharibika. Tuliimba wimbo mzima vizuri, lakini nilipousikiliza tulisikika mbali, kama watu walio ndani ya shimo, na feni ya kompyuta ikivuma kutushinda. Nikakumbuka kwamba nilipoenda kuepua chai kabla hatujaanza kuimba, Amunga alikuwa ameketi mbele ya kompyuta peke yake. Ameharibu makusudi, nikasema.

Kesho yake nilikaa na hiyo kompyuta mchana wote. Nilipogonga maiki kwa ukucha, ile mistari ya sauti kwenye skrini haikutikisika. Nilipogonga kompyuta yenyewe, ikaruka. Kumbe ilikuwa ikisikiliza kwa kimaiki chake kidogo cha ndani, na maiki yangu mpya imesimama hapo kama pambo. Nikaingia kwenye mipangilio nikaichagua maiki, nikapunguza sauti hadi mistari ikaacha kufika kwenye rangi nyekundu, alama ya sauti iliyozidi. Ni Amunga aliyeibadilisha, au ni mimi sikuwahi kuichagua? Mpaka leo sijui.

Ndipo nikamtega. Jumamosi iliyofuata nilibonyeza kurekodi, nikafunika skrini kwa leso, nikamwambia naenda jikoni. Nilikaa huko nikiosha vikombe vilivyokuwa safi. Alipoondoka nikavaa hedifoni.

Nilisikia kiti. Nikasikia akikohoa. Kisha akaanza wimbo wa mavuno, polepole. Alipofika ubeti wa tatu akanyamaza. Akaanza upya, akakwama palepale. Mara ya mwisho hata ubeti wa kwanza ulimpotea katikati. Halafu nikasikia sauti yake, ndogo, si ile ya besi, ikikuita wewe.

"Dada Rispa, hapa ulikuwa unasemaje? Yananitoka. Mtoto asijue."

Mama, nilivua hedifoni nikaziweka chini. Kumbe ndiyo maana alikuwa akisema anza wewe.

Lakini bado kulikuwa na lile jambo la Musanda. Wewe ulikuwa ukisema Amunga ni mtu wa kufuatwa kwa macho, halafu unacheka, na sikuwahi kujua kama ulikuwa unatania. Kwa hiyo aliporudi nilimuuliza wazi. Akaangalia mikono yake. "Walinishukuru, nikanyamaza. Ilikuwa tamu, mwanangu, kushukuriwa."

Kuhusu yale niliyoyasikia, sikumwambia. Nilimvalisha hedifoni. Nilikuwa nimeshaimba wimbo wote peke yangu na kuurekodi, maneno yote yakisikika vizuri. Nikamwambia asikilize sauti yangu masikioni na aimbe besi yake juu ya sauti hiyo. Kompyuta itaweka sauti zetu kila moja peke yake, kisha tutaziunganisha. Lakini kwanza atamke mbele ya maiki kwamba wimbo huu umetungwa na Rispa wa Kakamega. Alikunja uso. Nikasimama karibu naye mpaka akasema.

Halafu akaimba. Maneno yalimfikia kabla ya kuyahitaji, na hakukwama popote. Ubeti wa tatu alifumba macho. Besi ile, Mama, unaijua. Blanketi la mlangoni lilikuwa likitetemeka.

Ameniomba nakala kwenye simu yake. Nimemwambia asubiri. Labda anataka tu kukumbuka, labda anataka kwenda nayo Musanda ashukuriwe tena. Sijaamua ni lipi.

Nakuahidi nitachukua besi ya kila wimbo wako kabla haijamtoka, na jina lako litatangulia kwenye kila mmoja, kwa mdomo wake mwenyewe. Zikikamilika nitazipeleka Musanda, nizicheze kanisani kwao, naye Amunga akiwa ameketi mbele.

Pumzika sasa, Mama. Jumamosi nitampikia chai yenye maziwa mengi, jinsi anavyopenda, kisha nitaketi mahali ninapoweza kuona mikono yake.

Mwanao,
Ayuma